Malengelenge ya Mdomoni: Je, Homa Imetoka?

Na Mganga Msaidizi wa zahanati ya kijiji

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumwona mtu aliyeugua homa siku mbili tatu, kisha asubuhi moja akaamka ana malengelenge madogo madogo yaliyokaa pamoja kwenye ukingo wa mdomo au chini ya pua. Labda mtu huyo ni wewe mwenyewe. Watu wa nyumbani humtazama wakasema, "Sasa atapona. Homa imetoka." Kijijini kwetu, kando ya Ziwa Victoria, maneno hayo nayasikia kila masika. Leo tujifunze malengelenge hayo ni kitu gani, namna ya kuyatunza nyumbani, na kwa nini maneno hayo yanaweza kumponza mgonjwa.

Nianze na kisa. Mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka minne katika zahanati. Nilimpima damu, nikaona ana malaria, nikampa dawa mseto ya siku tatu. Niliona pia kwamba mdomo wake wa juu umeanza kuwa mwekundu na kuvimba kidogo, lakini foleni ilikuwa ndefu, sikusema neno. Kesho yake malengelenge yakachomoza. Bibi yake akafurahi. Akasema homa imekwisha toka, ya nini kumtapisha mtoto kwa vidonge? Vidonge vilivyobaki vikatiwa kwenye kopo kungojea homa nyingine. Baada ya wiki moja hivi mtoto aliletwa tena, amelegea, na njiani alikuwa ameshikwa na degedege. Nilimpa dawa ya kwanza ya malaria kali tukamkimbiza hospitali usiku huohuo. Alipona. Wengine walimlaumu bibi. Mimi sikumlaumu, kwa sababu yeye alisema aliyoyasikia kwa wazee wake, na mimi niliyesomea kazi hii ndiye niliyenyamaza.

Sasa, malengelenge hayo yanatoka wapi? Yanaletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno ambacho hata darubini ya zahanati haikioni. Jina lake ni herpesi. Wengi wetu tulikipata utotoni kwa njia ya mate: kwa kubusiwa, kutafuniwa chakula, au kulamba kijiko cha mwenzetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu bilioni 3.7 wenye umri chini ya miaka 50 walikuwa nacho, yaani karibu watu wawili katika kila watatu. Basi mtu asichekwe wala asisingiziwe uasherati kwa sababu ya lengelenge la mdomoni. Na anayesema ni buibui aliyemkojolea usiku, buibui huyo hana kosa.

Kirusi hiki kikiisha kuingia mwilini hakitoki tena. Hupita katika mishipa ya fahamu ya uso, kikajificha ndani ya fuvu, usawa wa sikio. Huko hulala. Wavuvi watanielewa upesi nikisema kinafanana na kamongo. Kiangazi kamongo hujizika matopeni, nawe ukipita juu yake hujui kama yupo. Mvua ikinyesha, anaamka. Kwa kirusi hiki mvua ni homa ya malaria, kichomi, mafua, jua kali, uchovu, mashaka mengi moyoni, au jeraha la mdomo. Wanawake wengine hutokwa nayo wakikaribia hedhi. Wenzetu wanaoshinda ziwani hupata sana, maana jua huwapiga kutoka juu na tena kutoka kwenye maji. Kofia pana ni dawa kwao.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Homa haikutoka mdomoni. Homa ilimwamsha kamongo. Na kwa kuwa kirusi huchukua siku kadhaa kusafiri kutoka kilikojificha hadi mdomoni, malengelenge hutokea siku ya pili, ya tatu au ya nne ya ugonjwa. Siku hizo mgonjwa aliyepata dawa huwa ameanza kupata nafuu. Ndiyo maana wazee wetu waliona mambo mawili yakifuatana, wakadhani moja limeleta jingine. Lakini mgonjwa asiyepata dawa hutokwa na malengelenge vilevile, na malaria yake inaendelea. Kwa hiyo ukiona malengelenge pamoja na homa, nenda ukapimwe. Na kama umekwisha pewa dawa mseto, maliza dozi zote sita za siku tatu, hata kama mdomo umejaa malengelenge.

Tuje kwenye matunzo. Kwa mtu mzima mwenye afya, malengelenge haya hupona yenyewe kwa siku saba hadi kumi. Kwanza mdomo huwasha au huchonyota, kisha malengelenge huchomoza, hupasuka na kutoa maji, na mwisho hufanya gaga. Yasafishe polepole kwa maji safi na sabuni, ukaushe kwa kitambaa kisafi cha peke yako. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya mtungi na kuwekwa mdomoni kwa dakika chache hupunguza maumivu. Gaga likikauka, lipake mafuta ya mgando kidogo lisipasuke. Usilibandue. Maumivu yakizidi, parasetamoli inatosha.

Wengi huniuliza juu ya asali. Huko New Zealand watafiti walilinganisha asali ya aina moja ya nchi ile, iliyotayarishwa kwa dawa, na krimu ya asiklovia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: wagonjwa wa pande zote mbili walipona kwa siku karibu sawa. Si kusema kwamba asali ya mzinga wako imepimwa, lakini ikiwa safi, haichanganywi na sukari, kupaka kidogo hakudhuru. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kupakwa mdomoni. Utomvu wa mshubiri nao hupoza. Upake nje tu, usiumeze.

Dawa yenyewe inayopiga kirusi hiki ni asiklovia. Krimu yake hupakwa mara tano kwa siku, kwa siku nne au tano, na faida yake huonekana ukianza mapema, mdomo unapoanza kuwasha. Ukingoja mpaka gaga umechelewa, na fedha yako ingefaa kununua sabuni. Wanaougua mara kwa mara au vibaya sana huweza kupewa vidonge na mganga. Lakini dawa yoyote haimwondoi kamongo matopeni. Humrudisha tu kulala.

Sasa yale ya kuacha. Nimeona mdomo uliopakwa maji ya betri, na kovu lake halitafutika. Nimeona mrututu, ndimu na chumvi, mafuta ya taa, dawa ya meno, na kijiko kilichopashwa moto. Vyote huunguza ngozi na kuacha kidonda kikubwa kuliko kile cha kwanza. Wengine hufungua kapsuli za rangi mbili wakamwaga unga wake juu ya kidonda. Dawa hizo huua bakteria, si virusi. Unga ule ni bure, na kapsuli hiyo angeihitaji mgonjwa mwingine. Usitoboe malengelenge kwa mwiba wala sindano. Maji yake ndiyo yenye kirusi kwa wingi.

Kwa hiyo, mwenye malengelenge asibusu mtu, asitumie kikombe au kijiko kimoja na wengine, na anawe mikono kila akijigusa mdomo. Asimguse mwenzake kwa mdomo sehemu za siri, maana kirusi huhamia huko. Asijisugue macho pia. Jicho likiwa jekundu, likauma na kuogopa mwanga, nenda kwa mganga siku hiyohiyo, wala usitie dawa ya macho uliyoazima kwa jirani. Kirusi hiki huweza kupofusha.

Wanaonitia hofu zaidi ni watoto wachanga. Kwa mtoto wa siku chache kirusi hiki huweza kuingia kwenye ubongo na ini, akafa. Mchanga akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa au akiwa baridi kupita kawaida, akitoka malengelenge au degedege, usingoje kesho. Mama mwenyewe akiwa na malengelenge mdomoni aendelee kunyonyesha, ila anawe mikono, afunike mdomo kwa kitambaa, na asimbusu mtoto hadi apone. Ikiwa lengelenge liko kwenye titi, asimnyonyeshe titi hilo, aje zahanati.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anapoambukizwa mara ya kwanza huweza kuwa na vidonda kinywani kote, ufizi uliovimba, homa na udenda. Hataki kula. Mpe maji na uji uliopoa, kidogo kidogo, mara nyingi. Kinachomwangusha ni kukaukiwa maji. Akikataa hata kunywa, mlete. Mtu mzima ambaye vidonda vyake havijapona baada ya wiki mbili aje pia. Vikifika mwezi huenda kinga ya mwili imepungua, na kupima VVU kutamsaidia apate dawa mapema.

Tafadhali someni somo hili darasani kwenu, kisha jadilianeni swali moja. Shangazi amesafiri siku nzima kuja kumwona mtoto aliyezaliwa juzi. Amebeba khanga na mchele. Mdomoni ana malengelenge, na amekwisha nyoosha mikono ampakate mtoto na kumbusu. Ni nani nyumbani kwenu atakayemwambia, na atamwambia kwa maneno gani ili shangazi asione amefukuzwa?