Kabla ya Kisu, Vua Viatu

Panda matatu ya asubuhi kutoka Kitengela kwenda Nairobi, na hutakosa abiria aliyebeba bahasha kubwa ya picha za hospitali. Ameisimamisha kati ya magoti isikunjike, amekalia tako moja, na kila gari linaporuka tuta anafumba macho. Pengine ni fundi wa cherehani kwenye viwanda vya EPZ, pengine ni dereva wa lori la Namanga. Mgongo umemsumbua mwaka mzima. Sasa ameambiwa habari ya upasuaji, na swali lake ni moja: nimwone daktari wa mifupa au yule wa ubongo na mishipa ya fahamu?

Nami niliwahi kuuliza hivyo. Madaktari wawili walinijibu, kila mmoja akivutia kwake.

Ukweli ni kwamba kwenye kiuno hawa wawili hukutana. Diski iliyotokeza ikabana mshipa wa fahamu, au mfereji wa uti wa mgongo uliokuwa mwembamba kwa uzee, yeyote kati yao anaweza kuishughulikia ikiwa amejifunza kazi ya uti wa mgongo. Tofauti huonekana pembezoni. Mgongo uliopinda tangu utotoni kwa kawaida huenda kwa wa mifupa. Uvimbe ulio ndani ya utando wa uti ni wa daktari wa ubongo, hapo hakuna mjadala. Yaliyobaki, usisome kibao cha mlangoni. Daktari wa mifupa anayeshinda wiki nzima akiunga miguu ya watu wa bodaboda na kubadilisha nyonga anaweza kuwa hodari kweli, na bado asiwe daktari wa mgongo wako. Muulize kwa adabu: “Samahani daktari, kwa mwezi unapasua migongo mingapi? Na wagonjwa wenye shida kama yangu, baada ya mwaka huwa vipi?” Bingwa wa kweli hakasiriki. Jina lake litafute pia katika orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, iliyoko mtandaoni, uone kama leseni yake ni hai na ubingwa wake ni upi.

Lakini kuna swali linalotangulia hilo, na watu wengi hulipita: kinachouma zaidi ni mguu au mgongo wenyewe? Maumivu yanayoshuka kutoka tako, yakapita nyuma ya goti hadi kwenye unyayo, ni ya mshipa uliobanwa. Hayo upasuaji huweza kuyatuliza vizuri, ingawa mengi ya diski hupungua yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Mgongo unaouma wenyewe tu, bila mguu, mara nyingi kisu hakiupi nafuu ya maana. Anayekuahidi vingine kabla hajakugusa, mwogope.

Kukugusa kwenyewe kunaonekana. Daktari makini atakuvua viatu na soksi. Atakulaza chali, ainue mguu wako ukiwa umenyooka, akuulize maumivu yameanza lini na yameishia wapi. Atashika kidole gumba cha mguu na kukuambia ukivute kuelekea kwako huku yeye akikisukuma chini. Atagonga goti na kisigino kwa nyundo ndogo. Atakuomba utembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Dakika kumi hivi. Aliyeinua picha ya MRI kwenye mwanga na kukupangia tarehe ya kulazwa ukiwa bado na viatu, amesoma picha, wewe hajakusoma. Na picha hudanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80.

Kwetu Kajiado kuna jambo jingine. Tunakunywa maziwa mabichi na tunazalisha ng’ombe na mbuzi kwa mikono mitupu. Brusela ya mifugo huingia kwa binadamu na kukaa kwenye kiuno: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma. Kifua kikuu nacho hula pingili za mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa. Magonjwa haya huanza kutibiwa kwa dawa za miezi, na za kifua kikuu ni bure katika hospitali za serikali. Kwa hiyo ukiwa na homa au umekonda, dai vipimo vya damu kabla hujazungumza na mpasuaji yeyote.

Anzia karibu, hospitali ya Kitengela au ile ya rufaa ya kaunti mjini Kajiado. Onana na mtaalamu wa fiziotherapia, na mazoezi uyafanye kweli, si mara mbili halafu ukaacha. Yasiposaidia, chukua barua ya rufaa: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta wana mabingwa wa pande zote mbili, na hospitali za misheni za Kikuyu na Kijabe hupasua pia. Bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na upasuaji huhitaji idhini yake mapema. Uliza ni kiasi gani italipa na skrubu za kuunga mgongo zitalipwa na nani, kabla mbuzi hawajapelekwa sokoni.

Yote haya ni ya mwenye muda. Ukiona mkojo umegoma au unatoka bila habari, sehemu za siri na mapajani pamefa ganzi, au miguu inalegea siku hadi siku, usichague daktari wala usingoje Jumatatu. Mshipa unaokufa hauhesabu wiki, unahesabu saa. Tafuta gari usiku huohuo, nenda Kenyatta moja kwa moja, na mlangoni sema wazi kwamba mkojo umekatika.