Mapumziko ya Nyumba Nzima

Juma hili twataka kunena juu ya mapumziko. Wengine watashangaa. Watasema kwamba ukurasa huu wafaa mambo mazito, kama bei ya mahindi, ada za sekondari, au mto Mkondoa unapofurika. Lakini sisi twaona kwamba namna nyumba inavyopumzika huonyesha namna inavyoishi. Na katika wilaya yetu ya Kilosa zipo nyumba nyingi ambamo mapumziko ni mali ya mtu mmoja tu, naye ni baba.

Tazameni Jumapili ilivyo. Misa ikiisha, baba hula, hubadili shati, hutoka. Huenda kwenye banda la kuonyeshea mpira, ambalo vijana wamelipa jina lililo la haki kabisa, kibanda umiza. Humo hulipa kiingilio chake, huketi katika joto juu ya benchi lisilo na mgongo, na kuwatazama watu wa Manchester na London wakicheza. Mara nyingi mfukoni ana mkeka pia, yaani orodha ya mechi alizobashiri kwa fedha. Wakati huo mama yuko uani anafua sare za shule, nao watoto wako barabarani. Jioni baba hurudi, na kama mkeka umechanika, nyumba yote hujua kabla hajafungua kinywa.

Hatumlaumu mtu kwa kupenda mpira. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na katika nyumba nyingi ushabiki umerithiwa kutoka kwa babu kama shamba. Twauliza tu, je, kwa nini furaha hiyo isiwafikie walioachwa nyumbani? Kibanda umiza si mahali pa mtoto wa miaka saba, wala mama mwenye kitoto mgongoni hana nafasi humo. Lakini kiwanja cha kijiji kipo. Saa kumi alasiri vijana wa vitongoji viwili hushindania mbuzi, na pengine wasichana hucheza netiboli kando yao. Hakuna mlango wala kiingilio. Pana mwembe, na chini ya mwembe hutandikwa mkeka wa ukindu, ambao haujapata kumchania mtu fedha zake. Hapo mtoto humwuliza baba yake kwa nini refa amepuliza filimbi, naye baba humweleza. Yaelekea ni mazungumzo marefu kuliko yote waliyofanya juma zima.

Huko Marekani, wakati wa miezi yao ya joto, familia huandamana kwenda kutazama mchezo wa besiboli, na baba humfundisha mtoto kuandika hesabu za mchezo. Hatusemi tuwaige, mchezo wenyewe hatuujui sana. Twataja tu kwamba mahali pengine mtoto kwenda uwanjani na wazazi wake si jambo la ajabu.

Sasa tuje kwenye safari iliyo kubwa kidogo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, ikaongezwa mwaka 1975, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Jina lake latokana na miti ya mikumi, ambayo watu wa pwani huiita mivumo. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupenya ndani yake kwa muda wa kilomita 50 hivi, na kila aliyepita kwa basi amewaona swala na twiga, na akiwa na bahati, tembo. Lakini amewaona kwa dirisha, basi likikimbia, na jirani yake akiwa amelala. Mzee aliyezaliwa karibu na uwanda wa Mkata aweza kufikisha miaka sitini bila kuingia langoni hata mara moja, na hali wageni huvuka bahari kuja kuingia.

Mwezi Septemba mwaka 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko lijulikanalo kama Ilani ya Arusha. Ndani yake aliweka mambo mawili pamoja, kwamba wanyama wa porini ni mastaajabu, na kwamba wao ni sehemu ya riziki yetu ya baadaye. Lile la riziki tumelishika, maana dola za watalii huhesabiwa kila mwaka. Lile la mastaajabu, twaona, tumewaachia watalii wenyewe.

Twajua jibu litakalotoka kwa mkulima. Atasema, "Mimi tembo namjua, alikula mahindi yangu usiku mmoja." Ni kweli, wala hatutalificha neno hilo. Mtu aliyelala shambani akipiga debe, kisha kulipokucha akakuta mabua yamelala chini, hawezi kuambiwa na gazeti kwamba tembo ni pambo la nchi. Fedha ya serikali iitwayo kifuta jasho yenyewe hukiri kwa jina lake kwamba si bei ya mavuno. Mtu huyo hatumtaki ampende tembo. Hata hivyo mwanawe anastahili kumwona mnyama huyo mchana, akinywa maji pamoja na watoto wake, ili ajue zaidi ya ile hofu ya usiku. Atakapokuwa mtu mzima, huenda yeye ndiye atakayekaa katika baraza la kijiji kuamua mambo ya mpaka wa mashamba na pori. Na ni afadhali mwamuzi huyo awe amewajua tembo kwa namna zote mbili.

Jibu la pili ni la fedha. Hapa twasema wazi kwamba familia moja peke yake itaona ugumu, kwa kuwa hifadhini hakuendwi kwa miguu, na gari ndilo gharama kubwa kupita kiingilio. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Basi jumuiya ndogondogo moja na ikodi basi dogo, kila nyumba ikiweka akiba kidogo kidogo tangu Kwaresima ipite. Baba akikadiria kilichoingia katika mikeka ya kubashiri kwa miezi mitatu, asitusomee hesabu hiyo sisi, amsomee mkewe.

Lakini lipo jambo ambalo twalihofia kuliko fedha. Tumeona matembezi ambayo mama aliamka saa tisa za usiku kukaanga maandazi, akabeba sufuria, akapakua, akaosha vyombo vya watu kumi, akarudi amechoka kuliko siku ya kupalilia. Hayo hayakuwa mapumziko yake. Mihogo ichemshwe Jumamosi jioni. Watoto wakubwa wachote maji. Ndizi na karanga hazihitaji moto. Na baba abebe kikapu. Hatuoni kwamba kikapu kitampunguzia heshima. Hata kwenye kiwanja cha kijiji, mtoto mchanga aweza kupakatwa na babaye kwa kipindi kimoja cha dakika 45.

Majira yafaayo ni tangu Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa fupi na wanyama wakikusanyika penye maji; tena mwezi Juni shule hufungwa. Watu wa Kilosa mjini washike njia ya Ulaya, kijiji chetu kisichohitaji pasipoti. Fikeni langoni alfajiri, kabla jua halijawapeleka wanyama vivulini, na msiache kusimama kwenye bwawa la viboko. Msivae nguo nyeusi wala za buluu, kwa kuwa mbung'o huzipenda. Nyani wasitupiwe ndizi; ndivyo wanavyozoea kukaa barabarani na kugongwa. Watu wazima wachukue vitambulisho vya taifa, wapate kulipa kama raia, na mmoja wenu aulize mapema jinsi ya kulipa, kwa maana siku hizi fedha taslimu hazipokelewi langoni. Na anayetaka gari la mwezi Juni asingoje, kwa sababu mabasi madogo mengi huchukuliwa na watu wa harusi.