Daktari Kijana na Maumivu ya Viungo: Tumsaidieje Ili Atusaidie?



Mwezi wa Oktoba ni mwezi wa Rozari Takatifu. Katika familia nyingi za parokia zetu yuko mama au bibi ambaye vidole vyake hukakamaa kila asubuhi, hata kushika punje za rozari kunamshinda. Katika mwezi huo huo, tarehe 12, dunia huadhimisha siku ya magonjwa ya viungo, na tarehe 18 Kanisa humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo anamtaja kuwa ni tabibu. Kwa hiyo tumeona vema somo letu lihusu mambo mawili yanayokwenda pamoja: magonjwa ya viungo, na malezi ya daktari kijana anayejifunza kuyatibu.

Swali letu ni hili: Mtu wa Kingolwira akiumwa viungo, ni nani atakayempokea hospitalini? Naye mgonjwa afanye nini ili ugonjwa wake utambuliwe mapema?

1. DAKTARI KIJANA NI NANI?

Zamani nchi yetu haikuwa na chuo cha kufundisha madaktari hadi kilipoanzishwa cha Dar es Salaam mwaka 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili. Kanisa nalo lilianzisha chuo cha udaktari Bugando, Mwanza, mwaka 2003, na kingine Ifakara, hapa hapa mkoani kwetu Morogoro, mwaka 2010.

Kijana husoma udaktari miaka 5. Baada ya hapo hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi wa wakubwa wake, akipitia wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Huyu huitwa daktari tarajali. Akitaka kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani, husoma tena miaka 3. Mwenye kutaka kubobea katika viungo lazima aendelee mbele zaidi ya hapo. Ndiyo maana mabingwa wa viungo ni wachache mno nchini, na karibu wote wako katika miji mikubwa.

Maana yake ni dhahiri. Mgonjwa anayetoka Kingolwira kwenda zahanati, kisha mjini Morogoro, aghalabu hatamkuta bingwa wa viungo. Atamkuta mganga wa kawaida, na pengine daktari kijana aliye bado katika mafunzo. Huyo ndiye atakayeona, au asiyeona, kwamba ugonjwa umeanza.

2. KWA NINI VIUNGO NI SOMO GUMU?

Malaria ina kipimo chake, na kisukari vivyo hivyo. Lakini magonjwa mengi ya viungo hayana kipimo kimoja cha kumaliza ubishi. Kipimo cha damu cha baridi yabisi chaweza kuonyesha hakuna kitu ilhali mtu ni mgonjwa, na chaweza kuonyesha kitu kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine. Picha ya eksirei nayo yaweza kuchelewa, ikaonyesha mfupa baada ya kuwa umekwisha kulika. Hivyo daktari hutegemea sana masikio yake na mikono yake.

Hata Ulaya jambo hili lilisahauliwa. Madaktari wa Uingereza waligundua kwamba wagonjwa waliolazwa walipimwa moyo na mapafu, lakini viungo vyao havikuguswa. Mwaka 1992 Michael Doherty, Jane Dacre na wenzao wawili walitoa njia fupi ya kuwafundisha wanafunzi. Inaanza kwa maswali 3: Je, una maumivu au ukakamavu katika misuli, viungo au mgongo? Je, unaweza kuvaa nguo zako zote mwenyewe bila shida? Je, unaweza kupanda na kushuka ngazi bila shida? Kisha daktari humtazama mgonjwa akitembea, na humminya kwa upole vifundo vya vidole. Dakika chache zinatosha. Dk. Dacre, bingwa wa viungo na mwalimu wa madaktari, alichaguliwa mwaka 2014 kuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London.

Sisi wa chini ya milima ya Uluguru hatuna ngazi nyingi. Basi tuulizane: Je, bado unaweza kupanda mlima kwenda shamba? Kushika jembe? Kufunga khanga? Kukamua nguo uliyofua?

3. MGONJWA NI MWALIMU

Tunao mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1952 hadi 1953 ulizuka ugonjwa katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Watu walishikwa na homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo hata wakashindwa kusimama wima. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955. Jina la ugonjwa halikutoka katika vitabu vyao, bali katika vinywa vya wagonjwa: chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kitu kinachomkunja mtu. Leo dunia nzima hulitumia jina hilo. Wagonjwa walisema, na madaktari walisikiliza.

Wapo wanaokataa kuguswa na daktari kijana wakisema, "Mimi si wa kujifunzia." Tunaelewa hofu hiyo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza jina na cheo cha anayemhudumia, haki ya kuwa na ndugu karibu, na haki ya kukataa. Lakini tufikiri pia: bingwa tunayemtamani alijifunza kwa mikono ya nani? Kila mgonjwa anayekubali kuchunguzwa kwa heshima anamfundisha atakayemtibu mtoto wa jirani kesho. Hilo ni tendo la huruma.

4. DALILI ZA KUELEZA MAPEMA

a) Baridi yabisi. Huwapata zaidi akina mama, hata wenye umri wa kuzaa. Vidole na viwiko vya mikono huvimba pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi hudumu zaidi ya nusu saa. Uvimbe ukipita wiki 6, usingoje. Dawa zinazozuia ugonjwa huu zinafaa zaidi zikianza katika miezi ya mwanzo. Kidole kilichokwisha pinda hakinyooshwi kwa vidonge.

b) Kuchakaa kwa viungo. Huwapata watu wazima, hasa magotini. Maumivu huzidi baada ya kazi, na ukakamavu wa asubuhi huisha upesi.

c) Jongo. Huanza ghafla, mara nyingi usiku, kwenye kidole gumba cha mguu. Pombe huuchochea.

d) Homa ya viungo ya watoto. Hii ndiyo inayotutisha zaidi. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo. Wiki 2 au 3 baadaye goti huvimba, likipoa huvimba kifundo cha mguu. Viungo vitapona vyenyewe, lakini moyo waweza kubaki umeharibika kwa maisha yote. Mtoto huyu anahitaji daktari, na pengine sindano za penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Usiseme ni maumivu ya kukua.

e) Kiungo kimoja chenye moto na homa. Ikiwa mtu hawezi hata kukisogeza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo huharibu kwa siku chache.

5. TUMSAIDIEJE DAKTARI?

Kwanza, eleza habari yote kwa mpangilio: maumivu yalianza lini, kiungo gani, asubuhi au jioni, na nani mwingine katika ukoo anayo. Kwa kuwa katika desturi ya Kiluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, waulize bibi na wajomba kabla ya kuondoka nyumbani.

Pili, chukua dawa zote ulizotumia, pamoja na zile za mitishamba, umwonyeshe. Usione haya. Diklofenaki ikitumiwa kwa miezi bila ushauri huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Prednisoloni huweza kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Lakini mwenye kuitumia kwa muda mrefu asiikatishe ghafla.

Tatu, ukipewa methotreksati kwa baridi yabisi, kumbuka ni mara MOJA KWA WIKI. Chagua siku moja, uiandike ukutani. Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Mwenye mimba asiitumie kabisa.

Nne, rudi kliniki hata ukijisikia nafuu. Daktari kijana asiyemwona mgonjwa wake tena hajui kama alikosea au alipatia.

KWA MAJADILIANO KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu aliyeacha kuja kusali kwa sababu ya viungo? Nani atamtembelea?
2. Je, yuko mtoto aliyeumwa koo kisha akavimba viungo, naye hajapimwa moyo?
3. Kijana wetu akisomea udaktari, tunamwombea na kumtia moyo kwa namna gani?

Mtakatifu Luka tabibu awaombee wagonjwa wetu, na vijana wote wanaojifunza kuwatibu. Tukutane mwezi ujao.