Dawa ya kuvu dhidi ya nzige: usalama wa maziwa na nyama hupimwaje?

Nzige wa jangwani waliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, na Isiolo ikawa miongoni mwa kaunti zilizovamiwa. Kwa mfugaji wa Kipsing, wadi ya Oldonyiro, malisho yanayonyunyiziwa dawa leo ndiyo watakayokula mbuzi kesho, na maziwa yao huishia kwenye kikombe cha mtoto. Ndiyo maana dawa ya wadudu haiuzwi nchini kabla ya kukaguliwa na bodi ya kitaifa ya kudhibiti dawa hizo, PCPB, chini ya Sheria Sura ya 346.

Dawa ya kemikali hupimwa kwa mizani. Mimea hunyunyiziwa, sampuli huchukuliwa baada ya siku kadhaa, kisha maabara huangalia ni miligramu ngapi zimebaki katika kila kilo. Kutokana na hesabu hiyo huwekwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika chakula, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna au kulisha mifugo.

Lakini ipo dawa ambayo yenyewe ni kiumbe hai. Kwa nzige, ni kuvu aitwaye Metarhizium acridum. Mbegu zake huchanganywa na mafuta na kunyunyiziwa; hushika ngozi ya nzige, hupenya ndani na kumuua kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Tanzania iliitumia mwaka 2009 dhidi ya nzige wekundu katika maeneo ya Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi. Somalia iliitumia mwaka 2020.

Hapo miligramu hazitoshi, kwa sababu kiumbe hai kinaweza kufa juani au kuongezeka. Wakaguzi huanza kwa kutambua ni kuvu gani hasa, hadi ukoo wake. Kisha huuliza: je, anaweza kuishi ndani ya mwili wenye joto la nyuzi 37? Panya hupewa mbegu hizo kwa mdomo na kwa njia ya hewa, na hufuatiliwa kuona kama mwili unazitoa. Swali zito zaidi ni la sumu: je, kuvu huyu hutengeneza sumu inayoweza kubaki kwenye chakula? Hata mafuta ya kuchanganyia hukaguliwa. Majibu yakiridhisha, nchi nyingi haziweki kiwango cha juu kabisa.

Si viumbe vyote hupita kirahisi. Bakteria Bacillus thuringiensis, anayetumika sana dhidi ya viwavi wa mboga, ni ndugu wa karibu wa bakteria anayesababisha kuhara na kutapika. Kwa hiyo wakaguzi wa Ulaya huhesabu chembe zinazobaki kwenye mboga. Mwaka 2016 walieleza kuwa visa vingi vya ugonjwa wa kundi hilo vilihusu chakula chenye zaidi ya chembe 100,000 kwa gramu.

Jambo moja husahaulika: idhini huhusu matumizi yaliyopimwa tu. Mapema 2021 baadhi ya wakazi wa Isiolo, Laikipia na Samburu waliuza nzige kwa shilingi 50 kwa kilo ili wasagwe kuwa chakula cha mifugo. Dawa kuidhinishwa kunyunyiziwa malishoni hakumaanishi kwamba nzige aliyenyunyiziwa amepimwa kama chakula cha kuku. Nzige wa eneo lililonyunyiziwa kemikali wasikusanywe, na afisa wa kilimo wa wadi aulizwe ni dawa gani ilitumika, wapi na lini.