Mwalimu Enoch Sontonga na Daftari Lake

Asubuhi, kengele ikisha kulia, watoto wa shule nyingi za Tanzania hupanga mistari mbele ya bendera, wakaimba Wimbo wa Taifa. Mtoto wa darasa la kwanza huujua kabla hajajua kuandika jina lake vizuri, na mzee akisikia unaimbwa hujikongoja akasimama. Wanaouimba ni wengi, lakini wanaouliza sauti yake ilitoka wapi ni wachache. Haikutungwa Dar es Salaam. Wala hakuitunga mfalme, wala fundi wa muziki aliyelipwa fedha nyingi. Aliyeitunga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu aliyeshika chaki mchana kutwa, naye alikaa mbali sana, kusini mwa Afrika. Aliitunga miaka zaidi ya 60 kabla Tanganyika haijapata uhuru wake.

Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Alizaliwa karibu na mwaka wa 1873 katika mji wa Uitenhage, ambao siku hizi huitwa Kariega. Mwanafunzi akifungua ramani ya Afrika, ashuke mpaka ncha ya kusini kabisa, kisha afuate pwani kwenda mashariki, ataiona nchi ya Waxhosa, nayo ndiyo nchi ya wazee wake. Alipokua alijifunza ualimu Lovedale. Mahali hapo palikuwa na shule kubwa ya wamisionari wa Kiskoti, na ndani yake mlikuwa na mtambo wa kupiga chapa vitabu. Msomaji aukumbuke mtambo huo, kwa maana utatajwa tena.

Baada ya masomo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko hakukuwa na utulivu kama wa kijijini. Dhahabu ilionekana katika nchi ile mwaka wa 1886, na mahali palipokuwa na majani na ng'ombe tu pakageuka mji kwa miaka michache. Wanaume wakaja kwa maelfu kutafuta kazi ya migodi, wengine kwa hiari, wengine kwa sababu ya kodi iliyowalazimu kutafuta fedha. Walikuwako Waxhosa na Wazulu, Wasotho na Watsonga, na watu waliotoka Msumbiji na nchi za Ziwa Nyasa. Walilala katika makambi, wengi katika chumba kimoja, nao walishuka chini ya ardhi kabla ya mapambazuko. Hawakuelewana lugha, wala hawakuwa na mzee mmoja wa kuwaamua. Wengine walikufa kwa kuangukiwa na mawe, wengine kwa ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe, na jamaa zao nyumbani wakangoja barua zisizofika.

Katika nchi ya namna hiyo Mwalimu Sontonga alifundisha kusoma na kuandika na hesabu. Lakini moyo wake ulikuwa katika nyimbo. Alikuwa na kwaya ya shule, naye ndiye aliyeiongoza. Zaidi ya hayo alipenda kupiga picha, kazi iliyokuwa ngeni na ya gharama siku zile. Watu wanaopenda vitu viwili au vitatu mara nyingi hawamalizi hata kimoja. Mwalimu huyu alikuwa wa namna nyingine. Kwaya yake ilipohitaji wimbo, hakungoja kitabu kiletwe kutoka Ulaya. Aliketi akatunga mwenyewe, maneno na sauti pamoja, akaandika katika karatasi yo yote aliyoipata, kisha akawafundisha watoto.

Hapa yafaa kueleza jinsi alivyoandika, maana pasipo maandiko hayo wimbo wake usingalifika mbali. Wanamuziki wa Ulaya huandika muziki katika mistari mitano, kwa alama nyeusi na nyeupe zenye mikia. Maandiko hayo ni mazuri, lakini ni magumu kujifunza, na kuyapiga chapa kulihitaji vyombo vya pekee. Katika karne ya 19 mwalimu mmoja mwanamke wa Uingereza, Sarah Glover, alibuni njia nyepesi zaidi, na mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuieneza. Ndiyo ile iitwayo solfa. Kila sauti hupewa jina: do, re, mi, fa, so, la, ti, na katika kuandika hutumika herufi ya kwanza tu, d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili huonyesha pigo jipya, na kistari huonyesha kwamba sauti iendelee bila kukatwa. Mwenye kujua herufi hizo saba na alama chache aweza kusoma wimbo asioujua, pasipo kinanda. Mwalimu aweza kuuandika ubaoni kwa chaki. Aweza pia kuuandika katika barua na kumpelekea mwenzake aliye mwendo wa siku kumi, na mwenzake akauimba siku ileile aliyoipokea.

Tena solfa huandikwa safu nne, moja chini ya nyingine, kwa sauti nne za kwaya. Safu ya juu ni ya sauti nyembamba za wanawake na watoto, na ya chini kabisa ni ya sauti nene za wanaume. Kila kundi hujifunza safu yake peke yake, na mtu akisikiliza kundi moja tu, hasa lile la chini, aweza kudhani kwamba wimbo haupendezi. Ndipo makundi yote manne huimba pamoja, na watoto huangaliana kwa mshangao, maana hawakujua kwamba kitu kama kile kilikuwa kinatengenezwa. Wako watu wasemao kwamba kuimba ni kupoteza saa za masomo. Pengine watu hao hawajapata kusimama mbele ya darasa saa ile sauti nne zikutanapo kwa mara ya kwanza.

Nyimbo zilipokuwa nyingi, mwalimu alizikusanya katika daftari moja, daftari la shule kama yale ya wanafunzi. Nia yake ilikuwa zipigwe chapa, ziwe kitabu. Wale waliozijua nyimbo hizo walisema kwamba nyingi zilikuwa za huzuni, nao hawakushangaa, kwa sababu walijua mwalimu aliona nini kila siku katika njia za Johannesburg.

Mmoja wa nyimbo hizo aliutunga mwaka wa 1897, alipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Aliuita Nkosi Sikelel' iAfrika, nao ni sala fupi ya kumwomba Mungu alibariki bara la Afrika na kuwasikia watu wake. Alitunga ubeti mmoja na kiitikio chake, basi. Katika lugha yake ya Kixhosa hakutaja Waxhosa peke yao, wala hakutaja mji wake, wala mfalme ye yote. Alitaja Afrika. Siku zile watu waliokuwa wakiitaja Afrika yote kuwa kwao hawakuwa wengi, kwa maana kila mtu alijua kabila lake na mto wake; na huko Ulaya wakuu walikuwa wamekwisha kuligawanya bara hili juu ya meza.

Wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka wa 1899, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji Boweni, aliyekuwa Mtsonga. Hivyo tangu siku ya kwanza wimbo wa Mxhosa ulitumika kumheshimu mtu wa kabila jingine. Mwaka uo huo, mwezi wa Oktoba, Waingereza na Makaburu wakaanza vita vilivyokwenda mpaka mwaka wa 1902.

Mwalimu alikuwa ameoa, na mke wake aliitwa Diana. Walipata mtoto mmoja wa kiume. Tarehe 18 Aprili 1905 Enoch Sontonga akafariki, naye alikuwa kijana bado, umri wake miaka 32 hivi. Akazikwa Johannesburg, katika makaburi ya Braamfontein. Kitabu cha nyimbo kilikuwa hakijapigwa chapa.

Daftari likabaki kwa mjane. Wenye kwaya waliozipenda nyimbo zile wakawa wanamwendea, huyu leo na yule kesho, kuziazima ili wazinakili. Mama huyo hakuwanyima. Lakini mtoto ye yote wa shule ajua mambo yanayokipata kitabu kinachoazimwa sana. Mwishowe daftari likapotea, na nyimbo nyingi zikapotea pamoja nalo. Hasara hiyo haipimiki, maana hakuna mtu awezaye kusema ni kitu gani kilichokuwamo.

Ule wimbo mmoja ulikuwa umekwisha kuondoka mle daftarini ukaingia vinywani mwa watu. Kwaya ya Sontonga ilikuwa imeuimba mahali pengi, na kwaya nyingine zikaufuata. Huko Natal palikuwa na shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, na kwaya ya shule hiyo ikauimba sana katika miji. Hata tarehe 8 Januari 1912 viongozi wa Waafrika wa kusini walipokutana katika mji wa Bloemfontein kuanzisha chama chao cha kutetea haki, chama kilichoitwa baadaye African National Congress, walimaliza sala yao ya kufunga kwa kuuimba wimbo huo. Mwaka wa 1923 mwandishi Solomon Plaatje aliuimba huko London ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka wa 1925 chama kile kikaufanya kuwa wimbo wake.

Ubeti mmoja haukuwatosha watu. Mshairi mkubwa wa Kixhosa, Samuel Mqhayi, akaongeza beti saba, na mwaka wa 1927 mtambo wa Lovedale ukaupiga chapa wimbo wote kwa herufi za solfa. Ndio mtambo ule uliokuwa katika shule aliyojifunza Sontonga. Kazi aliyoitamani ikafanyika miaka 22 baada ya kufa kwake, tena kwa wimbo mmoja tu. Diana alikuwa hai bado. Inasimuliwa kwamba aliiuza haki ya wimbo huo kwa peni sita, yaani sumuni, nusu ya shilingi. Alifariki mwaka wa 1929. Kama habari hiyo ni kweli, ni aibu ya wale waliomlipa, si yake.

Baada ya hapo wimbo ulisafiri kwa miguu ya watu. Wafanya kazi wa migodi walipomaliza mikataba yao waliurudisha kwao, na walimu na wachungaji wakaubeba, na kila watu wakautia maneno katika lugha yao wenyewe. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ya Sontonga ikawa ya Wimbo wa Taifa, kwa maneno ya Kiswahili, nayo ni ya Tanzania hata leo. Zambia ikaitumia sauti ileile tangu mwaka wa 1964, kwa maneno yaliyo mbali na yale ya kwanza. Zimbabwe ikautumia wimbo huo kuanzia mwaka wa 1980 mpaka mwaka wa 1994, ndipo ikatunga wimbo mwingine. Na katika nchi alikozaliwa mwalimu mwenyewe, miaka mingi watu waliuimba katika mikutano ya kudai haki, mbele ya askari, na katika mazishi ya waliouawa, huku serikali ikiwa na wimbo wake mwingine. Mwaka wa 1994 ukakubaliwa huko kuwa wimbo wa taifa pamoja na ule wa zamani, na mwaka wa 1997 nyimbo hizo mbili zikaunganishwa kuwa mmoja.

Afrika Kusini ilipotaka kumheshimu mtungaji, ikaonekana kwamba hakuna ajuaye kaburi lake liko wapi. Watu walijua kwamba alizikwa Braamfontein, lakini makaburi ya hapo ni maelfu. Wakafungua vitabu vya orodha ya waliozikwa, wakatafuta katika herufi ya S, wasilione jina la Sontonga. Wakatafuta tena, wasilione. Baada ya kutafuta sana ikafahamika kwamba karani wa mwaka wa 1905 hakuliandika jina la ukoo kama alivyowaandikia wengine. Alimtia katika herufi ya E: Enoch.

Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alifunua jiwe la ukumbusho mahali pale, na kaburi likatangazwa kuwa urithi wa taifa, miaka 91 baada ya mwalimu kuzikwa. Daftari lake halijaonekana.