Dondoo muhimu: Paka, mishkaki na mgonjwa wa figo
Anayesafishwa damu kwa mashine kinga yake hudhoofika, hivyo asipuuze toksoplasma, kimelea kinachoenea kwa kinyesi cha paka na nyama isiyoiva.

Paka usimfukuze. Kinyesi chake chenye kimelea huanza kuambukiza siku 1 hadi 5 baada ya kutoka, basi kizolewe kila siku, ikiwezekana na mtu mwingine. Ukikosa msaidizi, vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni.

Nyama ndiyo husahaulika. Mishkaki yenye wekundu katikati irudi motoni, hata muuzaji akinuna. Kachumbari, ile kidogo unayoruhusiwa, ioshwe vizuri kwa maji safi yanayotiririka. Kotimiri jani kwa jani.

Unasubiri kupandikizwa figo? Muulize daktari kuhusu kipimo cha toksoplasma, chako na cha mtoaji, kabla hujaanza dawa za kushusha kinga.