Beetle inagoma kuwaka

SWALI: Nina Volkswagen Beetle 1600 ya 1972. Likilala wiki nzima, napiga starta mpaka betri inachoka. Likiwaka, nikiachia mafuta tu linazima. Fundi anasema ninunue kabureta mpya. — Msomaji, Arusha

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili, na pesa ya kabureta iweke kwanza mfukoni.

Gari likikaa, petroli ya kwenye bakuli la kabureta hugeuka mvuke. Pampu inaendeshwa na injini yenyewe, hivyo starta lazima ihangaike mpaka bakuli lijae. Toa kisafisha hewa, chungulia kooni mwa kabureta, kisha vuta mkono wa mafuta: mchirizi mwembamba wa petroli uruke. Usiporuka, bakuli ni kavu au kiwambo cha pampu ndogo ya kabureta kimechanika. Na choki yake, ingawa hujiendesha, haijifungi mpaka ukanyage mafuta mara moja hadi chini, uachie, ndipo uwashe. Wengi hawaambiwi hili.

Kuhusu kuzima: ubavuni mwa kabureta pana valvu ndogo ya umeme yenye waya mmoja. Fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa waya, uguse tena. Usikie "tik". Ikiwa kimya na umeme unafika, valvu imekufa. Ikilia, toa jeti ya mwendo wa chini uipulize kwa hewa. Kuichokonoa kwa waya ni kuiharibu.

Ukiwa hapo, tikisa kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta. Kikicheza, usiwashe gari kabisa: kikichomoka, petroli humwagikia injini ya moto, karibu na distributa.